Mke wa Nyumba ya Vioo

Watu wa siku hizi wakiona ghorofa hawageuzi hata shingo. Sisi, wakati wa Mwingereza, tulitembea kutoka kijijini Kibeta mpaka Bukoba mjini, karibu na ziwa, kwenda kutazama jengo lisilo na ghorofa hata moja, na tukarudi tukilisimulia wiki nzima. Lilikuwa banda la maonyesho. Mzungu aliyelichora alitoka Nairobi, mafundi walikuwa Wahindi, vibarua walikuwa kaka zetu. Paa lake la zege liliinama upande mmoja, likashikwa na nguzo nyembamba hata baba yangu akakataa katakata kusimama chini yake. Ukuta wa mbele ulikuwa kioo kitupu, chini mpaka juu. Ndani walipanga nyumba kamili: sebule, chumba cha kulala na jiko. Waliiita nyumba ya mfano, ili Wahaya tuone jinsi familia ya kisasa inavyoishi. Na mke wa nyumba hiyo, kwa siku sita, nilikuwa mimi.

Msicheke. Wakati huo nilikuwa nimerudi kwa wazazi wangu, miezi kumi na moja imepita. Nilikuwa nimeolewa Ngenge, huko Muleba, na kwa miaka mitatu sikupata mtoto. Siku moja mama mkwe alisema mbele ya wageni kwamba mwanawe analisha mdomo bure. Maneno ya mama mkwe nilikuwa nimeshayazoea. Kilichonichoma ni mume wangu, aliyekuwa ameketi palepale, akasikia, akaendelea kumenya ndizi yake. Kesho yake asubuhi nilichukua kikapu changu nikaondoka.

Kwetu mwanamke aliyerudi kwao hajirudishi mwenyewe. Mume ndiye anayekuja kumfuata. Anakuja na mzee wa upande wake na vibuyu vya lubisi, pombe yetu ya ndizi, anaketi mbele ya baba mkwe, anakubali kosa lake, ndipo mke anafunga mizigo. Mimi hasira zangu ziliisha siku ya tatu, lakini nani ningemwambia? Nilimpenda. Sasa nimezeeka, naweza kusema bila kuona haya. Kila lori lililotoka upande wa Muleba nililisikia tangu likiwa mbali, na kila lilipopita bila kusimama niliinama nikaendelea kupalilia. Mama alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho. Nyumba ilikuwa na watu sita na mimi nilikuwa peke yangu humo.

Ndipo akaja yule mama wa Kizungu wa idara ya Maendeleo, aliyekuwa akifundisha ushonaji kanisani kwetu. Alitaka mwanamke safi, anayejua kusoma na kusema Kiswahili kilichonyooka. Wenzangu wote waume zao walikataa. Mimi sikuwa na wa kunikataza, basi nikachaguliwa. Heshima yenyewe ndiyo hiyo.

Mume wangu wa maonyesho alikuwa karani mmoja wa serikali, mtu wa Kashozi, Mkatoliki, mwenye mke na watoto wanne huko kwao. Alikuja na baiskeli yake kila asubuhi, akavaa tai, akaketi sebuleni na gazeti. Kazi yangu ilikuwa kupika kwenye jiko la chuma lenye bomba la moshi, kutandika meza, kumpakulia. Mama wa Maendeleo alitufundisha na maneno ya kusema. Mgeni akiuliza habari za jiko, nimweleze kuni ni kidogo na moshi hakuna, kisha karani ashushe gazeti na kusema, "Kweli kabisa, mke wangu." Yule bwana alikuwa mvivu, hakuyasema mara nyingi. Alikula vizuri lakini.

Watu walifurika. Waliingia mlango mmoja na kutokea mwingine, askari akiwasukuma wasigande, na wengine walibaki nje wamebandika nyuso kwenye kioo. Na hapa ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo, maana watu wetu hawakujua kitu kinachoitwa mke wa mfano. Kwetu nyumba yenye moto jikoni, mwanaume kitini na mwanamke anayepakua, hiyo ni nyumba ya watu. Wanawake wa vijijini walifuta miguu mlangoni wakapiga magoti kunisalimu. Bibi mmoja aliniletea mkungu wa ndizi, zawadi ya bibi harusi, akaniambia kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, Mungu amekupa mume mpole."

Ningemwambia, "Bibi, haya ni maonyesho tu." Sikumwambia. Nilipokea mkungu kwa mikono miwili nikashukuru. Baada ya karibu mwaka mzima wa kuonewa huruma, mtu alinitazama kama mwanamke mwenye kwake, na ulikuwa utamu, Mungu anisamehe. Kesho yake wakaja wengine wakiuliza tumefunga ndoa kanisa gani. Nikacheka tu. Habari kama hizo zikipanda lori asubuhi, jioni zimeshafika Muleba.

Jioni ndiyo iliyonishinda. Banda likifungwa, karani alipanda baiskeli akaenda zake kwa mkewe, hata kuniaga hakuniaga. Mimi niliosha vyombo na kutandika upya kitanda kikubwa ambacho hakuna mtu aliyekilalia. Kisha nikaketi kidogo kwenye kiti cha karani kabla ya kupanda mlima kwenda nyumbani. Sijawahi kujisikia mpweke kama nilivyojisikia humo, katika nyumba nzuri kuliko zote za Bukoba.

Jumamosi, siku ya mwisho, nilikuwa jikoni nimewapa watu mgongo. Sauti nyuma yangu ikasema, "Samahani, bibi. Jiko hili linakula kuni nyingi?"

Niliijua kabla sijageuka. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na ameshika kofia mkononi. Amekonda. Hakunitazama usoni, alitazama jiko, kisha akaweka kiganja juu ya ukuta wa zege, akakiacha hapo. Leo ninajua alikuja kutazama kama ni kweli. Siku ile nilichoona ni mwanaume aliyenyamaza miezi kumi na moja, na sasa amepata mdomo, ananiuliza habari za kuni. Damu ikanipanda kichwani. Maneno ya kumjibu nilikuwa nimefundishwa. Nikaongeza na yangu.

"Kuni ni kidogo sana," nikasema. "Mume wangu analisifu. Anasema tangu anioe hajala chakula chenye moshi."

Na karani, aliyelala gazetini wiki nzima, ndiyo saa aliyoamua kufanya kazi. Akashusha gazeti. "Kweli kabisa, mke wangu."

Mume wangu alimtazama, akaitazama meza na sahani mbili. "Asanteni," akasema. "Nyumba yenu ni nzuri." Akavaa kofia, akatokea mlango wa pili pamoja na wengine. Nilimwona kupitia kioo akivuka uwanja polepole. Hakuna kamba iliyonifunga. Hatua ishirini, thelathini, ningemfikia. Nilisimama na mwiko mkononi, nikajiambia, na yeye aonje.

Jioni nilipofika nyumbani nilikuta uwanja umefagiwa na sakafu imetandikwa majani mabichi. Mama alinivuta pembeni, uso unang'aa. Mzee wa ukoo wa mume wangu alikuwa amekuja Jumatano kuomba nirudi. Baba alikaa kimya kwa sababu mambo hayo ni ya wanaume mpaka yaive. Lubisi ilikuwa tayari imeshapikwa Ngenge, mume wangu alikuwa aje nayo mjini Jumamosi, alale kwa rafiki yake, na Jumapili baada ya ibada waje kunifuata.

"Kesho unakwenda kwako," mama akasema, akanishika mikono yote miwili.

Jumapili baba alivaa kanzu na koti, akaketi akiangalia njia. Mama alipika ndizi na samaki, akafunika kwa majani ya migomba. Walisikiliza kila lori, mimi sikusikiliza. Walinicheka kwamba naona haya. Jua likahama upande wa pili wa nyumba, na baba akasema pengine lori limeharibika. Mama akasema ndiyo, bila shaka ni lori, barabara ile ni mbaya. Kisha akanigeukia.

"Walisema jana angekuwa mjini. Hukumwona huko kwenye maonyesho?"

"Sikumwona," nikasema.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alikufa akiamini ni lori.