Kiti cha Sita

Kila kiti kina harufu mbili. Ya juu ni ya watu: jasho, sabuni, nguo iliyokauka juani. Ya chini ni ya kiti chenyewe: mbao ambayo haikupakwa kitu, gundi ya zamani, vumbi la nyumba ya kwanza. Mimi niliijua ya chini kabla ya ya juu. Mwaka nilipotimiza miaka kumi, msimu wote wa joto kabla ya mvua, mijakaranda ya Lubumbashi ilipokuwa ikimwaga maua yake ya zambarau barabarani na moshi wa kiwanda ukituwasha koo, mimi nilikuwa nikitambaa chini ya viti vya watu. Nilifanya hivyo kwa amri ya baba, tena kwa furaha ambayo hata leo nikiikumbuka vidole vinanisisimka.

Baba alikuwa seremala katika karakana ya kampuni ya shaba. Alitengeneza milango na makabati ya nyumba za wakubwa kule Makomeno, na jioni alirudi kambini kwetu akiwa na unga wa mbao kwenye nyusi. Miaka ile Wazungu wengi walikuwa wakiondoka. Sisi shuleni tuliimba kila asubuhi mbele ya bendera ya kijani, na wao walikuwa wakifunga makasha, ambayo mara nyingi aliyeyatengeneza alikuwa baba. Siku moja familia ya mhandisi fulani iligundua kwamba viti vyake sita vya mezani havitaingia kwenye makasha. Mke wa mhandisi alikuwa mtu wa haki. Aliwaita watu sita waliomtumikia, yaani mpishi, mtunza bustani, mlinzi, dobi, dereva na baba, akampa kila mmoja kiti kimoja. Nimefikiria jambo hilo mara nyingi mno. Aligawa kwa usawa kabisa, na kwa usawa huo akavunja kitu ambacho kilikuwa kimoja.

Baba alifika na kiti chake kichwani, akakipindua katikati ya ua kama daktari anayempindua mgonjwa. Kilikuwa cha msaji, chepesi hata mimi niliweza kukiinua kwa mkono mmoja. Miguu yake ilikwenda ikipungua kuelekea chini, egemeo lilipinda kama tabasamu, na hapakuwa na msumari hata mmoja. Kikalio kilisukwa kwa kamba ambayo baba aliiona kuwa ukindu. Aliuvuta uzi mmoja, akaulowesha kwa ulimi, akapiga kelele: ilikuwa karatasi! Karatasi iliyosokotwa, inayobeba mwanamume mzima! Na chini, ndani ya duara lililochomwa kwa moto, palikuwa na neno DANMARK. Nilikwenda kulitafuta kwenye atlasi ya shule na nikalipata kwa shida, vipande vichache vya nchi vilivyozungukwa na maji, juu ya Ujerumani. Mwalimu alisema huko hakuna shaba, na msaji hauoti. "Hawana bois, hawana mbao," baba alisema, "na banatengeneza hii? Shiye tuko na bois, tunatengeneza makasha."

Ndipo ukaanza msako. Mpishi alitoa kiti chake kwa kubadilishana na kitanda, mtunza bustani kwa mlango, mlinzi kwa meza, dobi kwa ubao wa kupigia pasi. Njiani tuliona na vingine ambavyo hatukuvitafuta, wala wenyewe hawakuvitoa: kigoda cha miguu mitatu chenye kikalio kama jani, na kiti kifupi cha mikono mipana ambacho mtu fulani alikuwa akifugia kuku. Baba alinituma mbele kwa sababu mtoto akiingia mvunguni hakuna anayemuuliza sana, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama kwa majirani, niliinama dukani, niliinama hata parokiani, mpaka padri, aliyekuwa amekaa, akauliza kwa upole, "Ngoie, unatafuta dhambi huko chini?" Kila mara nilipoingia chini ya kiti nilianza kujiuliza. Je, kama duara lipo? Je, kama lilikuwapo likafutika? Je, kama nimesoma vibaya? Nilikuwa mtoto wa "je, kama", na sijapona.

Kiti cha dereva peke yake hakikuonekana. Dereva alikuwa amefariki, mjane wake amehama, na hakuna aliyejua alikokwenda. Nyumbani tulikuwa watu sita: baba, mama, kaka yangu Ilunga, mimi na wadogo zangu wawili. Baba aliweka nadhiri kwamba siku kiti cha sita kitakapopatikana tutakaa wote mezani pamoja, kwa mara ya kwanza, kila mtu na kiti chake. Mpaka siku hiyo, hakuna kukaa. Viti vitano vilipangwa juu ya kabati vikiwa vimefunikwa shuka, na sisi tulikula bukari, ugali wetu, kwenye makasha na mkekani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini wageni wetu waliondoka na vibanzi vya makasha kwenye nguo. Mama alivumilia, kisha akachoka. "Baba Ilunga," alisema siku moja mbele ya shangazi zangu wote, "ile njo biti, ao ni basantu ba kanisa? Kama ni basantu, ulete mishumaa tuwashe!" Shangazi walicheka viti kufanywa watakatifu hadi wakashika matumbo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshachagua mahali pangu mezani, upande wa dirisha, na kila siku nilihesabu tano nikitamani sita.

Kisha jirani yetu, Papa Mwamba, mzee aliyefanya kazi reli maisha yake yote, akafariki. Kwetu mtu akifa, viti vinatembea. Kabla hata jeneza halijapatikana, vijana hupita nyumba kwa nyumba kukusanya viti vya matanga, na kila mwenye nyumba huandika alama yake chini ya kiti kwa rangi, ili siku ya kuondoa matanga kila kiti kirudi kwao. Mama alishusha viti vitano kutoka juu ya kabati kwa mikono yake mwenyewe, na uso wake ulimwambia baba asijaribu kusema neno. Baba hakusema, ila alikataa rangi. Kijana aliyeshika brashi alimsihi, "Baba Ilunga, kiti bila alama inapoteaka." Baba akajibu, "Kuandika pa hii bois? Ni sawa kuchora mutoto ku sura. Nani hayue biti byangu mu hii kambi?" Hivyo viti vyetu vikaenda uchi, na vijana wakakubaliana kwamba visivyo na alama vyote ni vya Baba Ilunga.

Siku ya pili ya matanga nilikuwa nikigawa maji chini ya turubai. Mama mmoja mzee, ambaye sikumjua, alikuwa amekaa kwenye kiti cha buluu, buluu ile ya milango, chenye kikalio cha mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande na kusukwa. Nilimpita. Kisha miguu yangu ikasimama kabla ya akili. Egemeo lile! Tabasamu lile! Nikaangusha kikombe makusudi nikapiga magoti. Chini ya rangi, kama kovu chini ya nguo, duara lilikuwapo. Pembeni yake palikuwa na herufi nyeupe, M.K. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuokota kikombe, maana nilisikia sauti juu yangu: "Weye katoto, unalilia marehemu ao unalilia miguu yangu?" Wanawake waliokuwa wakilia walicheka, na mimi nikakimbia.

Sikumwambia baba. Niliwaza: nikimwambia, atamwinua mama wa watu mbele ya maiti? Nisipomwambia, kiti kitaondoka, nacho kitakwenda wapi? Nikimuuliza yule mama jina lake, atajua kwamba nakitaka? Niliwaza mpaka siku ya maziko, na nilipomaliza kuwaza, watu wazima wote walikuwa wamekwenda makaburini na ua ulibaki na viti vitupu. Mfukoni nilikuwa na kipande cha msasa wa baba, kwa sababu siku zile nilikuwa nacho daima. Nilikigeuza kiti cha buluu, nikaisugua M.K. hadi ikawa vumbi jeupe magotini pangu. Matanga yalipoondolewa, vijana walisoma alama kwa sauti, wakagawa. Visivyo na alama walivileta kwetu kwa kigari, wakihesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Baba aliporudi kutoka kazini alivikuta vimepangwa uani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile cha buluu, akapapasa egemeo, akapiga kigelegele kama mwanamke anayepokea mjukuu. Ilunga akaruka, wadogo wakaruka, mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, na mimi niliruka kuliko wote. Kisha baba akakipindua. Aliliona duara, akalibusu kweli, kwa midomo. Halafu kidole gumba chake kikasogea pembeni, kikasimama pale palipokuwa peupe na laini. Seremala anajua mbao iliyosuguliwa mwaka jana na iliyosuguliwa juzi. Na msasa ule alikuwa amenipa yeye.

"Ngoie," aliita, bila kuinua sauti. Nilianza kulia kabla hajaendelea. Jioni ile tulikuwa na viti sita, na hakuna aliyekaa. Baba alikula amesimama.

Jumapili, baada ya misa, alikibeba kiti kichwani, nami nikafuata nyuma. Majirani walitwambia kwamba mama mwenye kiti cha buluu alikuwa dada wa kanisa wa mjane wa Papa Mwamba, anakaa Bel-Air, anaitwa Mama Kabange. Ndiye aliyekuwa mke wa dereva. Njia nzima nilipanga maneno, na mlangoni kwake, mlango wa buluu ileile, yote yakanitoka. Nilisema tu, "Mama, ni miye nilifuta alama." Alinitazama, akamtazama baba, akaonyesha kiti. "Ule wa miguu!" alisema. "Kiti ya buluu haipoteake. Nilikuwa nangojea tu kujua nani." Baba aliomba radhi, akataka kuipaka upya ile M.K., lakini Mama Kabange akakataa: "Acha hivi. Pale peupe patanikumbusha." Ndipo baba, kwa sauti ya mtu anayejua atakataliwa, akamtajia kitanda, mlango, kabati. Alikataa vyote. Mume wake ndiye aliyeusuka ule mpira kwa mikono yake, alisema, kamba ya kwanza ilipokatika.

"Na ile tano yako ya ku matanga, fundi," aliuliza, "nani anabikaliaka?"

Mimi nikajibu, "Hakuna mutu, mama. Tunangojea ya sita."

Alicheka hadi akakohoa, hadi akaomba maji. Alipopumua tena alisema baba anaweza kukichukua kile cha buluu wiki moja akipime, mradi amwachie kimoja cha kwake cha kukalia. Baba alikubali kabla hajamaliza sentensi.

Wiki hiyo ndiyo ninayoiita utoto wangu. Baba alitoa gogo la mulombwa alilokuwa amelificha kwa kazi asiyoijua bado, mti wetu wa porini, mwekundu ndani kama nyama. Mimi nilishika uzi wa kupimia. Ilunga alishika msumeno upande wa pili. Kwa kikalio, mama ndiye aliyepata wazo: tulipasua mifuko ya karatasi ya saruji, tukailowesha, tukaisokota uani sote sita, mita baada ya mita, mpaka mapaja yakatuuma na mikono ikawa ya kijivu. Kilipokamilika, kizito kidogo, chekundu, baba alipasha msumari motoni akanipa. Nilichora duara, na ndani yake nikachoma LUBUMBASHI. Herufi za mwisho zilibanana, kwa kuwa nilikuwa na wasiwasi wa mwanzo na nikasahau mwisho.

Tuliporudi Bel-Air kubadilishana, kiti chetu cha msaji kilikuwa kimepakwa buluu. Chote. Na chini yake, juu ya duara la DANMARK, palikuwa na herufi nyeupe nzuri: B.I., Baba Ilunga. "Ilikuwa uchi," Mama Kabange alieleza kwa fahari. "Nimeivalisha. Sasa ku matanga haitapotea." Nilimtazama baba, nikawaza atalia, au atakasirika, au atafanya vyote viwili. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha kutoka tumboni, akamshika mama yule mikono yote miwili na kumshukuru. Mchana huo tulikaa mezani watu sita. Mimi nilikaa upande wa dirisha, kwenye kiti chekundu. Kile cha buluu alikichukua baba, na mezani hajakiachia mtu tangu siku hiyo.

Sasa nina shahada ya chuo kikuu na bahasha yenye barua za kuomba kazi, na siku zangu nyingi nazimaliza nikingoja kwenye vyumba vya ofisi. Kabla ya kukaa nakigeuza kiti kidogo na kuchungulia chini. Makarani hunishangaa. Binamu yangu aliye Ulaya ameandika kwamba huko viti vya namna yetu vinawekwa madirishani mwa maduka watu wavitazame, na anauliza kama vyetu bado ni safi. Vyote vina B.I. chini, vyote vimekwenda matanga mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na vyote vimerudi.

Mwezi uliopita vilikwenda matanga ya Mama Kabange mwenyewe. Vijana walipovirudisha walihesabu kama kawaida, nami nikasikia wakisema saba. Nikatoka mbio kuwaambia wamekosea. Kilikuwa kile cha mpira wa baiskeli. Binti yake alikuwa amekileta kwa miguu, akasema mama yake aliacha neno kije kwetu. Nilipiga magoti palepale barabarani, mwanamke mzima mwenye shahada, nikakipindua. Mahali nilipopasugua kwa msasa, pale alipopaacha peupe miaka yote ile, kwa herufi zilizopinda za mkono wa mzee palikuwa pameandikwa B.I.

Zamani tulikuwa watu sita na viti vitano. Leo Ilunga yuko Kolwezi, wadogo wameolewa, na mezani tunakaa watatu tukiwa na viti saba. Baba ameanza kuwaalika majirani.