Kayamba Tumboni mwa Gitaa

Mume wangu Tsuma akishika lake, hata umvute kwa kamba hang'oki. Mwaka wa arobaini na sita alirudi kutoka vita vya Waingereza na Wajapani huko Bama, na gitaa mgongoni, akakuta mamake, Kafedha, keshazikwa. Akauliza tu, "Matanga ya pili lini?" Kwetu Utange maiti huliliwa mara mbili, na mara ya pili ndipo huimbiwa hasa.

"Nitamwimbia mwenyewe, kwa gitaa."

Lo! Kakake Ruwa aliruka. "Chombo cha walevi, kwenye matanga ya mama? Sikuitikii ng'o!"

Hapo ndipo penye kazi. Wimbo wa msiba huitikiwa kwanza na ndugu wa tumbo moja. Asipoitika, mwimbaji huketi na aibu yake, na marehemu hajaliliwa.

Tsuma akanieleza kuwa huko Kalkuta, Bara Hindi, alikuta madereva weusi wa Kimarekani, wajukuu wa watumwa, wakiimba huzuni zao: mtu anatoa, gitaa linamwitikia. "Haki ya Mungu, Nyamvula, nilidhani niko matangani kwetu." Nikamcheka. Marekani na Utange wapi na wapi!

Basi kila akitoka kupakua magunia Changamwe, ni wimbo ule ule, mpaka vidole vikachubuka. Nikachoka. "Bwana we, hilo gitaa halina sauti ya kwetu!"

Neno lile likamwingia. Akalitwaa kayamba la mamake, alilokuwa akilitikisa kila matanga na ambalo mabua yake yalishaoza, akalipasua na kuzimimina mbegu zake tumboni mwa gitaa. Nilipiga ukelele. Kuvunja kayamba la marehemu!

Siku ya matanga alisimama, akalitikisa gitaa kwanza. Chwaa, chwaa. Kina mama waliokuwa wakimsonya wakageuka.

"Mama, nimerudi, mlango u wazi, mwenyewe hayumo."

Kimya. Akarudia. Kimya. Nilimchukia Ruwa siku ile, sifichi. Tsuma akatoa mara ya tatu.

Ruwa akainua uso, umelowa. "Hayumo," akaitika, "mama hayumo," na uwanja mzima ukamfuata.

Sasa vijana wa Changamwe nao wanatia mbegu kwenye magitaa yao, wanapanda nayo treni hadi Nairobi, na ukiwauliza, ati ni mtindo wa vitani. Wa vitani! Ni mlio wa Kafedha ule, ambaye hata treni hakuwahi kuipanda.