Seth Ormerod na Vidole vya Golikipa

Kabla hajawa meneja wa timu yetu ya Harrowclough, Seth Ormerod alikuwa fundi wa mashine za kufumia pamba kiwandani kwa Crabtree. Timu ilikuwa yake kwa jasho. Mistari ya chokaa uwanjani aliichora mwenyewe, na wachezaji aliwasaka hadi Uskoti, ambako nusura wenyeji wampige mawe kwa kuwaibia vijana wao. Huko ndiko alikompata Dugald Rennie, golikipa mwenye viganja kama sepetu, akamleta akae nyumbani kwake. Hannah, mke wa Seth, alimpikia kama mwanawe.

Kitu kimoja tu Seth hakuruhusiwa: kupanga kikosi. Hiyo ilikuwa kazi ya wakurugenzi, na mkuu wao alikuwa Bwana Crabtree mwenyewe, mtu ambaye hajapiga mpira maishani.

Msimu wetu wa kwanza ligi kuu, ilibaki mechi moja ya kutuokoa tusishuke. Dugald akaumia vidole mazoezini. Mimi nilikuwa beki wa kushoto, niliviona: vimevimba, vyeusi. Seth akaenda kwa wakurugenzi, nami nikamsubiri mlangoni.

"Rennie hawezi kudaka, bwana. Hata kijiko hakishiki."

"Mfunge bendeji," Crabtree akasema. "Watu wanakuja kumwona yeye."

"Mkono utaharibika!"

"Ormerod, kazi yako ni chokaa na tiketi za treni. Haya, nenda."

Tulifungwa mabao sita. Kila shuti lililomgonga mkononi, Dugald alilia kwa sauti. Watu wakamzomea Seth, "We mzee, umelewa?" Naye hakuwahi kuonja hata bia, mtu wa kanisani yule.

Jumatatu gazeti likaandika maneno ya Crabtree: meneja aliwaficha wakurugenzi habari za jeraha, kwa hiyo amefukuzwa.

Dugald akalitupa gazeti mezani kwa Hannah, akamgeukia Seth. "Uliniambia umewaambia."

Seth akalikunja gazeti. Dugald akafunga mzigo wake, akaondoka bila kumaliza chai.

"Sema ukweli, Seth!" Hannah akamlilia. "Mfuate!"

"Nikisema, Crabtree atawaacha Alice na Ruth kiwandani?"

Mabinti zake wote wawili walifuma kwa Crabtree. Majira ya baridi yalipofika, oda zikapungua, wakawa wa kwanza kuachishwa kazi.

Hapo Seth akapanda treni kwenda Uskoti, amweleze Dugald ukweli. Dugald alikuwa amerudi kutafuta kazi kwenye karakana za meli, lakini vidole viliunga vimepinda, nyundo haikai mkononi. Mama yake alifungua mlango, akamtazama Seth, akaufunga.

Seth hakukanyaga uwanjani tena. Jumamosi, siku ya mechi, alifunga dirisha la jikoni, na kelele za watu zikaingia hivyo hivyo.

Alipokufa, klabu ilituma shada kubwa la maua. Hannah alilipokea mlangoni, akasoma jina la Crabtree, akamrudishia tarishi.

"Mwambie hapa hakuna mtu wake."

Tukaenda kumzika.