Jiwe la Machela

Bega si jina ambalo mjomba wangu alipewa na wazazi wake. Mtaa ndio uliomwita hivyo, kwa kazi yake ya machela: kiti cha maharusi chenye paa na mapazia, kinachobebwa mabegani na wanaume wanne ili bibi harusi asikanyage ardhi kati ya nyumba aliyozaliwa na nyumba anayoolewa. Akikanyaga, watu watasema alijipeleka mwenyewe. Na kwa kusema watu, mtaa wetu haujambo.

Machela ilikaa barazani kwake, na juu ya mto wake daima kulikuwa na jiwe.

"Mjomba, hili jiwe linaolewa lini?" nilikuwa nikimtania.

Hakucheka hata siku moja. Alisema kiti kama kile hakiachwi wazi.

Siku ya arusi ya bintiye, masufuria yalizidi mafiga. Mke wa mjomba, mwanamke asiye na muda wa mambo ya kale, alilinyakua lile jiwe akalitia jikoni. Nilimwona, wala sikuona ubaya.

Alasiri wabebaji wakashika miti, mjomba mbele, kushoto. Kazi yao ina utaratibu: hawainui mpaka wa mbele aulize na aliyemo ajibu. Furaha ilikuwa imempanda kichwani, akauliza kwa mazoea tu, bila kugeuka.

"Umekaa?"

"Nimekaa," sauti ya kike ikajibu nyuma ya pazia.

Bintiye alikuwa bado kizingitini, mimi nikimfunga viatu.

Mjomba akafunua pazia. Hapakuwa na mtu, ila mto ulikuwa umebonyea. Akatupa jicho uani, akaliona jiwe lake chini ya sufuria. Niliogopa, sioni haya kusema.

"Mwanangu, utakwenda kwa miguu."

"Baba! Unaniaibisha mbele ya watu?"

"Heri aibu. Tangulia, usigeuke nyuma."

Alikwenda akilia, gauni likiburura vumbi, na mama mkwe akampokea amebenua midomo. Nyuma wakafuata wale wanne na machela yao tupu. Miti ililalamika njia nzima, na wabebaji walilowa jasho.

Mlangoni wakaitua. "Karibu, shuka," mjomba akasema kwa upole.

Pazia halikutikisika. Lakini wenzake walipoijaribu machela tena, ilikuwa nyepesi, na bega la kushoto la mjomba lilikuwa limeshuka. Halijainuka mpaka leo. Machela yenyewe aliipasua kuni.

Bintiye alimnunia miaka. Alirudi juzi na mwanawe, ambaye hakuchelewa kumparamia babu yake.

"Panda hili la kulia, mjukuu wangu," mjomba akasema, akimshusha taratibu. "Hilo jingine lina mtu."

Binti alimtazama baba yake kwa muda mrefu. Kisha akaja kukaa kushoto kwake, akaweka kiganja chini ya lile bega, akamsaidia kubeba.