Mama Pasi na Hesabu za Mabano

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, mwanamke aliyenyoosha mashuka walimwita Mama Pasi. Alitaka kusomea uuguzi, na chuo kilimkwamisha kwa hisabati tu. Alipoanguka mtihani mara ya pili, wenzake walimtania: "Kutwa unapiga pasi, kupasi ndiko kunakushinda?"

Alicheka nao, kisha akaenda kwa dada wa mumewe, mwalimu wa sekondari.

"Wifi, nifundishe zile za mabano. Ndizo zinazonimaliza."

Wifi akaandika x² + 7x + 12. "Tafuta namba mbili. Ukizizidisha zilete kumi na mbili, ukizijumlisha zilete saba."

"Mbili na sita."

"Hizo jumla yake nane."

Akafikiri. "Tatu na nne."

"Basi jibu ni (x + 3)(x + 4)."

Zikaenda hivyo, mteremko mtupu, hadi zilipoingia hasi. Kwenye x² − x − 12 aliweka hasi kwa tatu badala ya nne, leo na kesho yake. Wifi uvumilivu ukamwisha.

"Kichwa hicho kimejaa mvuke wa pasi?"

Mama Pasi akaweka kalamu chini. "Nikikosea nisahihishe, wifi. Ukinitukana nitaumia, na kesho nitakuja vilevile."

Wifi akaona haya. Akainuka, akamimina chai, akarudi na sauti nyingine. "Sasa usiniulize mimi kama umepatia. Fungua mabano, zidisha mwenyewe. Ikirudi kama ilivyokuwa, ni sahihi. Ikikataa, geuza."

Tangu hapo aliandika kwa chaki pembeni mwa meza ya kunyooshea, akazidisha, akafuta, akageuza. Msimamizi alipomwambia meza si ubao, akahamia kichwani, midomo ikichezacheza huku akikunja mashuka.

Kwenye mtihani alikuta 2x² + 7x + 3. Akaandika (2x + 3)(x + 1), akazidisha, katikati ikaja 5x. Zamani angelia. Akaikata kwa mstari mmoja, akajaribu (2x + 1)(x + 3). Ikaja 7x.

Alifaulu kwa alama za kusukumasukuma, lakini chuo kikamchukua. Akampigia wifi simu.

"Anza kulala mapema," wifi akasema. "Huko kuna hesabu za dozi."

"Niandalie chai, wifi. Jumamosi nakuja."