Morfini ya Mama Antoinette

Mambo ya nyumba ile ya mtaani Mususa yalikuwa yamemfika muuguzi Hulda kooni. Kansa ya Mama Antoinette ilikuwa imeingia mifupani, kumgeuza tu kitandani ni kilio, na bado mwanawe Hénock alikataa asipewe morfini.

"Hapana, Ya Hulda, dada yangu! Ile dawa itamuzoeza. Hataiacha tena."

"Mwenye kansa aogope kuzoea, Hénock? Lakini daktari ameipima dozi yake!"

Hénock alikuwa ametoka Mabalako na mbao kwenye pikipiki, mgongo unamuuma. Akatoa mfukoni tramadoli, vidonge vya maumivu vinavyozoesha vilevile, anavyojinunulia bila kumuuliza daktari yeyote, akabwia kiganja kizima.

Mama akafumbua macho.

"Hulda, mutoto yangu, unipe basi ya kwake. Ile haogopake."