Mkunga Niliyemfuta Mohoro

Siku ya kwanza kazini, ofisi ya Mudir, mtawala wa tarafa, pale Mohoro, nilikabidhiwa mashine ya kurudufu na kitambaa cha kujifutia wino. Kitambaa kilifanya kazi kunizidi. Nilikuwa na cheti cha sekondari, lakini mtu wa kupenda kwao, kijiji jirani cha Dimani, nikaomba Mungu nisitupwe mbali zaidi. Dua ikapokelewa, ndiyo maana maovu yangu niliyafanyia karibu na nyumbani.

Wajukuu, jarida la wilaya tulilitoa hivi: unapiga taipu juu ya stensili, yaani karatasi ya nta, herufi zinatoboa, wino unapita. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu, tundu linazibika.

Mwezi mmoja tuliandaa orodha ya wakunga wanaoaminika. Wa tatu alikuwa Binti Mkumba, aliyezalisha nusu ya Mohoro, wakiwemo wake wa Mudir mwenyewe. Wiki ileile alisimama barazani mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akauliza kwa nini mwenyeji akatazwe boriti za mikoko za kujengea kibanda, na tajiri mwenye leseni akate atakavyo.

Mudir akaniita. "Karani, yule mama mtoe."

"Nimtoe wapi, bwana?"

"Jaridani. Nikimfunga atakuwa mtu mkubwa. Nataka asahaulike."

Nikapaka dawa. Kwa uvivu wangu sikupiga stensili upya, basi namba tatu ikabaki, na mbele yake patupu. Aliyejua kusoma akapajaza kichwani, akamnong'oneza asiyejua. Hakusahaulika, aliogopwa. Salamu zake zikajibiwa nusu. Harusini alikaa mkeka mzima peke yake. Mimi nikikutana naye nainama kufunga kamba za viatu, nami navaa makubadhi.

Kisha Zuhura, mke wangu, akashikwa na uchungu asubuhi. Nikasema nitamwita shangazi.

"Shangazi yako hata kuku hajawahi kumwatamisha. Niitie Binti Mkumba."

Nikaanza kutafuta sababu.

"Umemfuta kwenye karatasi," akasema. "Kwenye tumbo langu humfuti."

Alikuja, hakuniuliza kitu, na adhuhuri nikawa baba. Mkunga kwetu husindikizwa, basi nikambebea mkoba. Tulipoikaribia ofisi nikakata kushoto, nyuma ya maduka, penye matope.

Akasimama. "Mwanangu, mimi njia kubwa sijakatazwa. Umekatazwa wewe?"

Akachukua mkoba wake, akapita mbele ya ofisi peke yake, nami nikabaki matopeni.

Nilistaafu kwa sifa. Hadi leo wananiambia, "Wewe ulikuwa karani mtulivu, huna neno na mtu," na damu inanichemka. Mudir aliamuru jarida tu. Salamu hakuzikataza. Tulizikata wenyewe, wenzangu bure, mimi kwa mshahara.